Marehemu Yuko Mtandaoni

Kwanza niwajibu walionitumia ujumbe baada ya wiki iliyopita, wakisema mjane mwenye adabu hagombani na shemeji yake barabarani. Adabu kaeni nayo. Hamkuwa pale Jackton aliponiambia, mbele ya wateja wangu, kwamba chumba cha gemu alichoacha ndugu yake kinaendeshwa na mtu asiyejua hata kuwasha mashine.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: naitwa Teresiah. Mume wangu Odero alifariki Agosti mwaka jana. Aliniachia chumba kimoja hapa mtaa wa Tena, Nairobi, ghorofa ya chini, chenye runinga na mabenchi, ambapo watu wazima na akili zao hulipa ili wacheze mpira kwa vidole. Kabla ya hapo nilikuwa muuza mitumba soko la Gikomba.

Miezi minne baada ya mazishi, mdogo wake Odero, huyo Jackton, alihama kutoka Kware na mkewe Awiti. Akakodi chumba upande wa pili wa barabara. Akafungua biashara ileile.

Mlango kwa mlango. Nikifungua asubuhi, uso wa kwanza ninaouona ni wake.

Mliniacha wiki jana mashine yangu ya mwisho imeungua, wateja wote wamevuka barabara, nami nimebandika karatasi ukutani: MASHINDANO MAKUBWA JUMAMOSI. Siku ileile aliyotangaza Jackton ya kwake. Karatasi niliibandika kabla sijapata mashine.

Sasa sikilizeni.

Jumatatu nilikwenda Eastleigh, kwa mwanamke anayeitwa Filsan, mwenye duka la vitu vya umeme orofa ya pili. Nilimkuta akinywa chai. Sikumsalimu vizuri.

"Nataka ile nyeupe mpya, ile isiyozidi kitabu kwa unene. Jirani yangu anayo."

Filsan aliweka maboksi mawili juu ya kaunta. Akayafungua kwa upande nione ndani. Mashine zilikuwa sawasawa, kama mayai ya kuku mmoja.

"Hii ni ya kawaida," alisema. "Hii ingine ni ya Japani, ndiyo maana bei yake iko chini. Ilitengenezewa watu wa kule. Uliza fundi wako kwanza, dada. Ina mambo yake."

"Mashine ni mashine."

"Ukishatoa stika, mimi sirudishi."

"Nani amekwambia nitarudisha?"

Naungama hapa, kwa sababu wiki nzima nimezunguka Tena nikisema nimetapeliwa na Filsan. Sikutapeliwa. Alinionya, nikamsikia vizuri sana. Lakini nilikuwa na haraka ya kumkomoa mtu, na mwenye haraka hiyo huwa hana masikio.

Nilichukua ya Japani.

Jumanne nilimwita Luseno. Luseno ni fundi wa simu, kibanda chake kiko pembeni ya duka langu, na alikuwa rafiki wa Odero tangu Odero akiwa hajaoa. Aliunganisha waya, akawasha. Skrini ikajaa maandishi kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika.

"Badilisha lugha," nikamwambia.

Luseno alielekeza kamera ya simu yake kwenye skrini ili imtafsirie. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Jasho likaanza kumtoka.

"Terry, lugha ni moja tu."

"Ipi?"

"Hii."

"Basi weka diski, tucheze hivyohivyo. Mpira hauhitaji lugha."

Luseno aliigeuza mashine juu, akaigeuza chini, akaipapasa ubavuni kama daktari wa ng'ombe. "Haina tundu la diski. Hii aina mpya ni ya kupakua gemu mtandaoni."

Niliitazama katoni iliyokuwa chini ya meza. Diski zote za Odero, za miaka tisa. Zilikuwa zimegeuka visahani.

"Usipaniki," Luseno akasema. "Kuna akaunti ya Odero. Miaka ya mwisho alikuwa ananunua gemu mtandaoni. Zote ziko kule. Tukiingia na akaunti yake, zinashuka zenyewe."

Hapo lazima niwaeleze kitu. Odero alipofungua akaunti hiyo, aliletewa orodha ya nchi achague yake. Kenya haikuwemo. Kwa hiyo alichagua Uingereza, akaandika anwani ya binamu yake anayeishi Leicester. Hata kadi za kununulia gemu alitumiwa na binamu huyo, kwa sababu kadi za nchi nyingine zinakataliwa. Kwa mashine, mume wangu alikuwa Mwingereza.

Luseno akaandika barua pepe ya Odero. Mashine haikungoja hata kuuliza neno la siri. Ilitoa maandishi mekundu.

Simu ikatafsiri: akaunti hii si ya nchi hii.

"Nchi gani?" nikafoka. "Si tuko Tena!"

"Mashine haijui iko Tena. Inajua iko Japani. Akaunti nayo inajua iko Uingereza." Luseno akajipangusa uso. "Ni wewe peke yako uko Tena."

Nilimfukuza. Ndiyo, mtu aliyekuja kunisaidia bure nilimfukuza, na nikamrushia na waya wake.

Jumatano asubuhi nilirudi kwa Filsan na boksi.

"Stika umetoa," akasema kabla sijakaa.

"Umeniuzia kitu kisichojua kusema!"

"Kinasema. Wewe ndiye husikii. Nilikwambia uulize fundi."

"Nitasimama hapa mlangoni nipige kelele mpaka wateja wako wakimbie."

"Piga, dada. Hapa Eastleigh kelele haifukuzi mtu."

Nikapiga. Watu walinipita kama gunia lililowekwa njiani. Baada ya nusu saa sauti ilinikauka, na Filsan akanisukumia kikombe cha chai. Nilikikataa.

"Mimi siwezi kukuonea huruma na biashara yangu ikufe," akasema. "Hata nikikubali, nitamuuzia nani? Kwa boksi, mtu anaona maandishi ya Kijapani. Kama si boksi, ni pacha. Ukizitoa zote mbili uziweke mezani, hata mimi mwenyewe siwezi kukwambia ipi ni ipi mpaka niwashe."

Nilikunywa ile chai. Sikujua kwa nini moyo umetulia ghafla, lakini maneno yale yalikuwa yameshaingia mahali pabaya.

Alhamisi saa tisa alasiri, Luseno alikuja mwenyewe. Hakunisalimu kwa niaje yake wala nini. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Terry, keti kwanza."

"Sema ukiwa umesimama."

"Mimi na Odero tulikuwa marafiki huko kwenye gemu. Jina lake bado liko kwa simu yangu, sijawahi kulifuta." Akanigeuzia simu. "Angalia."

Kulikuwa na picha ya mume wangu, ile aliyopiga akiwa amevaa kofia ya harusi ya binamu yake. Ubavuni mwa jina lake palikuwa na kidoa cha kijani.

"Hicho ni nini?"

"Kinamaanisha yuko mtandaoni." Luseno aliisogeza simu karibu nami. "Anacheza sasa hivi."

Nilimzika mtu huyo. Nilimrushia udongo kwa mkono huu huu. Nikajikuta nimekaa sakafuni, na nawaambia ukweli: kwa muda wa pumzi moja niliamini. Nilitaka kumuuliza Luseno kama anaweza kumpigia.

Ndipo kelele za "Goo!" zikatoka ng'ambo ya barabara.

Luseno akatazama simu. Pale chini ya jina la Odero, namba zilikuwa zimebadilika: moja, sifuri. Tukatazamana. Kisha tukatazama mlango wa Jackton.

Sikumbuki nilivuka vipi. Nakumbuka pikipiki iliyonikosakosa na tusi la mwenyewe. Nilijikuta katikati ya chumba cha Jackton, watu zaidi ya ishirini wamenikodolea macho.

"Mtoe mume wangu kwenye mashine yako!"

Jackton alisimama polepole. Ni mrefu kuliko Odero, lakini sauti ni ileile, na hilo nalo nilikuwa nimemchukia kwalo. "Shemeji, punguza sauti."

"Unachezesha watu kwa jina la maiti! Unakula jasho lake huku mimi nikibaki na kitu kinachosema Kijapani!"

Watu wakacheka. Jackton hakucheka.

"Odero ni ndugu yangu," akasema.

"Na simu yake je? Ulitoka nayo hospitalini mfukoni, nikakuona. Neno la siri haliwezi kubadilishwa bila laini ile. Nipe simu ya mume wangu."

Hapo uso wake ulifungwa kama duka. "Hiyo siwezi kukupa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Ulimuua, sasa unamvaa!"

Nilijua nimesema uongo. Odero aliuawa na ini lake, daktari alinionyesha karatasi. Lakini neno lilikuwa limetoka, na nililipenda lilivyomwingia.

Jackton akanishika kiwiko, akanitembeza mpaka mlangoni. "Nenda kwako. Ingia, funga mlango, usiongee na mtu usiyemjua. Jumamosi nina mashindano. Usiniletee mkosi hapa."

Mkosi. Mbele za watu. Tangu nimzike Odero, hilo ndilo neno mama mkwe alilokuwa akinong'ona na hakuna aliyethubutu kulisema kwa sauti. Sasa lilisemwa.

Kwa hiyo Ijumaa nilifanya hivi.

Saa nne asubuhi nilimwona Jackton akiondoka na mkokoteni kwenda kukodi viti. Nikafunga ile mashine ya Japani ndani ya leso, nikaitia kwenye kikapu, nikaweka sukuma wiki juu. Nikavuka.

Awiti alikuwa peke yake, amejifunga kanga, anapiga deki. Aliponiona aliacha tambara, akanikumbatia. Awiti ndiye aliyelala na mimi sakafuni siku tisa za msiba. Alinilisha uji kwa kijiko wakati ndugu zangu mwenyewe walikuwa wameshaondoka.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikamwambia. "Jana nilisema vibaya."

Macho yake yalijaa machozi. "Haki, shemeji, nilijua utakuja. Jackton hakulala. Ngoja atarudi, mtaongea. Keti, nikuletee chai."

"Acha nikusaidie kwanza. Maji yamekuwa machafu."

"Basi nichote mengine, narudi sasa hivi."

Akachukua ndoo, akaenda bombani nyuma ya ploti.

Waya ni mbili tu. Wa umeme na wa runinga. Nilikuwa nimeshamwona Luseno akizichomeka. Nilitoa yake, nikaweka yangu. Yake nikaitia kwenye kikapu, sukuma wiki juu. Awiti aliporudi alinikuta nimeinama, napiga deki sakafu yake.

Nilikunywa chai yake. Nilikula na mandazi.

Ninaposikia watu wakisema shetani aliwapitia, huwa nacheka. Mimi hakunipitia mtu. Nilikuwa mimi mwenyewe, na mikono yangu haikutetemeka hata kidogo.

Jumamosi saa nne watu walianza kujaa. Walitoka Umoja, walitoka Donholm, wengine wamevaa jezi. Kwa Jackton hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Wengine walisimama barabarani wakichungulia dirishani. Kwangu hakuja mtu. Karatasi yangu ilikuwa imechanwa, na sikujali. Nilivuta kiti nyuma ya pazia nikasubiri kama mtu aliyeweka chungu mekoni.

Nilimsikia mtangazaji akiita majina ya wachezaji wawili wa kwanza. Nikasikia shangwe.

Kisha kicheko.

"Hii ni nini, Jackton? Tumekuja kusoma Kichina?"

"Ngojeni, ngojeni kidogo." Hiyo ilikuwa sauti ya Jackton.

Walingoja. Walingoja robo saa. Kisha mtu akapiga mluzi, mwingine akapiga benchi kwa kiganja, na wote wakadaka mdundo huo. "Rudisha! Rudisha! Rudisha!"

Ndicho nilichotaka. Nilifunga pazia. Nikafunga mlango kwa ndani. Nikaitoa mashine yake kikapuni, nikaichomeka kwenye runinga yangu kubwa, nikawasha.

Ilidaka yenyewe mtandao wa Jackton kutoka ng'ambo, ikanisalimu kwa lugha ninayoijua. Majina mawili yalitokea: Jackton na Odero. Haikuniuliza neno la siri. Nilichagua Odero.

Gemu zote zilikuwepo, safu baada ya safu. Zangu. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, huku ng'ambo kitu cha kioo kikivunjika.

Kwenye kona ya skrini palikuwa na alama ya bahasha, na juu yake kidoa chekundu. Ujumbe ambao haujasomwa. Nikafikiri ni matangazo. Nikafungua.

Wote ulikuwa umetoka kwa mtu mmoja: Jackton. Alikuwa amemwandikia marehemu ndugu yake kila Jumapili tangu afungue biashara hapa, na kwa kuwa hakuna aliyefungua upande huu, hakuna hata mmoja uliosomwa.

Nilianza na wa zamani.

"Ndugu, leo nimefungua mkabala na Terry, kama ulivyoniambia. Ametema mate nilipomsalimu. Usijali. Bora anichukie akiwa mzima."

Nilirudia kuusoma. Sikuuelewa. Nikashuka chini.

"Wateja wake wamehamia kwangu wote. Najua inamuuma, lakini ndivyo tulivyokubaliana: wale watu wakija kukuulizia, waje penye umati, waje kwangu, wasigonge kwake. Wanajua ulikuwa na chumba cha gemu Tena. Hawajui una mke."

Ng'ambo, Awiti alipiga ukelele. "Mwacheni! Mnamuua! Hakuna aliyegusa hiyo mashine! Jana nilikuwa hapa mimi mwenyewe, hakuna aliyeingia ila..."

Hakumaliza. Nilijua ni kwa nini hakumaliza.

Nilibonyeza ujumbe wa mwisho. Huu haukuwa wa Jumapili. Ulikuwa wa Alhamisi jioni, siku niliyomwita muuaji.

"Terry ameniomba simu yako mbele ya watu. Nikimpa atasikia sauti ulizonirekodia humo na atajua ulikimbia nini. Uliniapisha nisiseme. Lakini leo, alipokuwa akipiga kelele kwamba yeye ni mke wako, wawili kati ya wale wanaokutafuta walikuwa wamekaa benchi la nyuma. Wamemsikia. Wamesema watarudi Jumamosi."

Leo ilikuwa Jumamosi.

Mlango ulibishwa. Mara mbili, bila haraka.

"Shemeji, ni mimi. Fungua."

Nilifungua. Jackton alikuwa amesimama na shati lililochanika mpaka kitovuni, damu ikimshuka kutoka juu ya jicho. Kwapani alikuwa ameikumbatia mashine yangu ya Japani. Nyuma yake barabara ilikuwa imejaa watu wanaokimbia huku na huku, na sikuweza kumtambua mmoja wao.

Nilisubiri kofi. Nilisubiri tusi. Nilistahili yote mawili.

Hakuitazama mashine yake. Alitazama skrini, maneno yake mwenyewe makubwa pale ukutani. Akaingia, akaufunga mlango kwa mgongo, akapiga komeo.

"Terry," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina tangu siku ya harusi. "Umesoma mpaka wapi?"